Salama, Ila

Kila dakika moja, mchana na usiku, Mpigahodi alizunguka milango elfu nne na mia mbili ya Ukumbi wa Seva wa jiji la Idunda Mpya, akibisha mmoja baada ya mwingine bila kuchoka.

Hakuwa na miguu wala ngumi ya kubishia. Alikuwa programu tu, na milango yenyewe haikuwa ya mbao. Ilikuwa milango ya vitumishi. Watu wa jiji walizoea kuona mambo makubwa: magari yasiyo na dereva yakipanda mlima ndani ya ukungu, mikono ya chuma ikichuma chai majani mawili mawili, treni ya Mbeya ikifika kabla hujamaliza kula muhindi wa kuchoma. Nyuma ya kila jambo hilo kulikuwa na kitumishi, programu ndogo isiyo na sura, inayofanya kazi ile ile ndani ya seva siku nenda siku rudi bila mtu kuiita. Vitumishi ni kama wale kina mama wanaoosha vyombo nyuma ya nyumba siku ya harusi. Hakuna anayewapiga picha, lakini wakiinuka wakaondoka, harusi imekwisha.

Kwa hiyo ilibidi vijuliwe hali. Mpigahodi alibisha, akauliza, "Habari?" Kitumishi kikijibu "Salama," taa yake ukutani ilikuwa kijani. Kikinyamaza, alibisha mara ya pili, kisha ya tatu, kama desturi ya mgeni mwenye adabu. Baada ya mara ya tatu alikiamsha upya yeye mwenyewe. Kikigoma kuamka, taa iligeuka nyekundu na simu ya fundi wa zamu ikalia.

Palikuwa pia na taa ya njano. Hiyo ilikuwa ya kitumishi kilicho hai lakini kina neno la kusema. Ili kituo cha afya na wazimamoto wasipigiwe kelele na vitumishi elfu nne kwa pamoja, jiji lilikubaliana kwamba habari mbaya zote zipite kwa mmoja: Mpigahodi azisikie, awashe njano, azifikishe panapohusika.

Aliyempanga Mpigahodi alikuwa fundi mmoja mwanamke, Atuganile Sanga, mwenye miaka hamsini na minane. Yeye ndiye aliyekiandikia kila kitumishi kadi yake: kinaitwaje, kibishiwe hodi wapi, kingojewe sekunde ngapi, kikishindwa aitwe nani. Kadi elfu nne na mia mbili. Ukumbini walimwita Mama Atu. Kwenye ukuta, juu ya meza yake, palitundikwa cheti alichopewa na jiji mwezi wa Agosti. Kiliandikwa kwa wino wa dhahabu: *Mpigahodi, mtambo usio na ila.*

Alhamisi hiyo ya Novemba alifika saa moja asubuhi, akafungua chupa yake ya uji wa ulezi, akamimina kikombeni, akautazama ukuta. Wote kijani. Tangu Juni hapakuwa na njano hata moja kutoka kwa wazee wa jiji. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amemwambia kwa furaha, "Mama Atu, wazee wetu mwaka huu wazima kama chuma!"

Bwana Kaduma, mkuu wa ukumbi, aliingia akiwa bado amevaa koti la mvua. Alisimama karibu na meza, maji yakimchuruzika.

"Mbona unaninyeshea sakafu?" Atuganile akamtania. "Vua koti, uji upo."

"Umekaa, Mama Atu?"

"Huoni nimekaa? Kwani nini?"

"Mzee Lugano amefariki."

Atuganile alikifunika kikombe kwa kiganja, kama mtu anayezuia inzi. Mvuke ukampitia katikati ya vidole.

"Lini?"

"Hapo ndipo penye maneno," Kaduma akasema, akavuta kiti. "Amekutwa leo. Lakini daktari anasema alianguka Jumatatu."

Aliyemkuta alikuwa jirani yake wa Mtaa wa Mianzi, Mama Chaula. Alikuwa amepelekewa na Mzee Lugano bakuli la maharage wiki iliyopita, na mtaa ule bakuli halirudishwi tupu. Kwa hiyo alichemsha viazi, akavipanga ndani, akafunika na kitambaa, akaenda. Alipiga hodi mara tatu. Mgeni mwingine angeondoka. Yeye alisema moyoni, viazi vitapoa, akasukuma mlango. Mzee alikuwa jikoni sakafuni, nyonga imevunjika. Kwa maneno ya daktari, roho ilimtoka Jumatano.

"Lakini ana Msalimu," Atuganile akasema.

"Ndiyo ninachokuuliza."

Msalimu kilikuwa kisanduku cha ukutani, ukubwa wa mkate, na jiji lilimwekea kimoja kila mzee anayeishi peke yake. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu kilisema, "Shikamoo. Umeamkaje?" Mzee akijibu, kilisikiliza mpaka mwisho, kikasema, "Nimesikia. Nitawaambia." Kisha kilipeleka salamu hizo ukumbini kwa kitumishi kimoja kiitwacho Mjulia Hali, na Mjulia Hali akampa Mpigahodi mlangoni.

Atuganile aliigeukia taa ya Mjulia Hali. Ilikuwa kijani, imetulia, nzuri kabisa.

*

Mjulia Hali alitungwa na Mzee Lugano Mahenge mwenyewe, enzi ukumbi ule una seva kumi na mbili tu.

Atuganile aliajiriwa mwaka huo, na siku ya kwanza alikuja na mtoto mgongoni kwa kuwa hakuwa na pa kumwacha. Ukumbi ulijengwa nyanda hizi za baridi makusudi, ili upepo wa mlimani upoze seva bila kulipia umeme mwingi. Upepo huo uliingia kwa matundu ya darini, na tundu moja lilikuwa juu ya kiti chake. Mzee Lugano alivua koti lake, akapanda juu ya stuli, akalitundika kwenye tundu lile. Koti lilikaa pale mwaka mzima. Mwaka mzima Lugano alitembea na shati, akipiga chafya, na akiulizwa alisema joto limemzidi.

Ndiye aliyemfundisha kazi. Na siku moja Atuganile, ambaye wakati huo alikuwa na ulimi mkali, alimuuliza, "Kaka, hiki kitumishi chako mbona kina maneno mengi? Nyumba ikiwa na shida, kiseme *Mbaya*, basi. Mashine haihitaji adabu."

Lugano alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe Atu, umeamka kichwa kinakupasuka. Mama mkwe anakuuliza umeamkaje. Utamjibu *Mbaya*?"

"Aa, kwa mama mkwe? Nitasema salama."

"Halafu?"

"Halafu… ila kichwa kidogo."

"Haya. Sasa hao wazee tutakaowasalimia ni watu wa namna hiyo. Hakuna hata mmoja atakayeanza na *Mbaya*. Salama ni adabu tu, ni kufungua mlango. Habari yenyewe iko nyuma ya ila. Nimekifundisha kitumishi kiongee kama wao ili kisiwakatize." Alivaa tena miwani. "Ukimsalimia mtu, Atu, subiri ila yake."

*

Kila kitumishi kina daftari lake, kinaandika humo kila kilichosema na saa kilipokisema. Atuganile alilifungua la Mjulia Hali. Kaduma alisimama nyuma yake.

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili: *Salama, ila nyumba 217 Mtaa wa Mianzi anasema ameanguka.*

Dakika iliyofuata, maneno yale yale. Na iliyofuata. Jumatatu yote, kila Mpigahodi alipobisha na kuuliza habari, Mjulia Hali alimjibu hivyo hivyo, kwa adabu ile ile.

Jumanne: *Salama, ila nyumba 217 anaomba maji.*

Jumatano: *Salama, ila nyumba 217 hajibu.*

Zaidi ya mara elfu nne. Na pembeni ya kila mstari palikuwa na alama ndogo ya kuonyesha mahali msikilizaji alipofunga mlango. Alama ilikuwa baada ya neno *Salama*.

"Nani alikuwa anafunga?" Kaduma akauliza kwa sauti ya chini.

Atuganile alifungua mpangilio wa Mpigahodi, akashuka ukurasa baada ya ukurasa, ingawa alijua anakokwenda. Mstari ulikuwepo. *Soma neno la kwanza tu, kisha funga mlango.* Tarehe kumi na nne Juni. Chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, aliacha ujumbe: *Ni kwa muda. Nitarudi kurekebisha. A.S.*

Alilikumbuka juma lile. Jiji lilifungua mitaa saba kwa mpigo, vitumishi vikapanda kutoka mia tisa hadi elfu nne na ushee, na Mpigahodi akalemewa. Kuzunguka milango yote kukawa kunamchukua dakika nne. Madiwani walitaka dakika moja. Alipotafuta pa kupunguza, aliona muda mwingi unaliwa na kusikiliza majibu mpaka mwisho, na vitumishi vipya, vilivyotungwa na vijana, vyote vilisema shida kwa neno la kwanza. Kwa hiyo alikata. Mzunguko ukashuka kuwa dakika moja. Watu walipiga makofi. Akaletewa cheti.

Kitumishi kimoja tu katika elfu nne kilikuwa kinaanza na salama hata penye shida. Alikijua. Alimjua aliyekitunga. Alikusudia kurudi, kisha likaja hili, likaja lile, na ukuta ulikuwa kijani.

"Dakika tatu," akasema.

"Unasemaje?"

"Niliokoa dakika tatu."

Hakulia hapo. Mkono wake ulijua kazi kuliko moyo. Aliufuta mstari ule, akaandika mwingine: *Soma mpaka nukta.* Akawasha.

Kwa dakika nne ukuta ulibaki kijani. Kisha taa ya Mjulia Hali ikageuka njano, na chini yake maneno yakaanza kutokea, mstari mmoja mmoja, kama macho ya watu wanaoamka. Kumi na moja.

*Salama, ila nyumba 88 Mtaa wa Mipea dawa ya moyo iliisha wiki iliyopita.*

*Salama, ila nyumba 340 hajala tangu juzi, anasema hana hamu.*

*Salama, ila nyumba 12 anauliza kama mwanawe amepiga.*

Kaduma, mkuu mzima wa ukumbi, alichukua simu mwenyewe akaanza kumwita muuguzi mmoja mmoja, na alipoishiwa na wauguzi akamtuma dereva wake nyumba 88 na dawa mkononi. Halafu akapiga nyumba namba 12, akakaa na bibi wa watu kwenye simu karibu nusu saa akisikiliza habari za mwanawe. Atuganile aliyaona hayo yote, na hakuyasahau.

*

Alasiri Kaduma alileta karatasi.

"Jiji linataka taarifa," akasema. "Nimeiandika. Soma, ukiona sawa tia sahihi."

Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kitumishi Mjulia Hali, cha kizamani, kilijibu kwa lugha isiyo ya kanuni, na kwa sababu hiyo mtambo mkuu haukuweza kukielewa. Ilisema kitumishi hicho kilitungwa na Lugano Mahenge, mstaafu.

"Umeandika amejiua mwenyewe," Atuganile akasema.

"Sijaandika hivyo."

"Ukiisoma mpaka nukta, ndivyo inavyosema."

Kaduma alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa imesimama upande usiofaa. "Mama Atu, nisikilize. Umebakiza miaka miwili. Umeitumikia kazi hii miaka thelathini. Wakiliona jina lako pale, watakutoa hapa kama mwizi. Yeye ameshakwenda. Marehemu hashtakiwi. Kaka Lugano mwenyewe angekuwepo angesema, mwacheni Atu."

"Angesema," Atuganile akakubali. "Ndiyo maana sitaki kumsemea."

"Basi usitie leo. Nenda ukazike. Jumatatu tutaongea."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba.

*

Walimzika Mzee Lugano Ijumaa, mvua ikinyesha taratibu. Usiku huo kina mama walilala msibani kama ilivyo desturi, wamepangana kwenye mikeka sebuleni, na Atuganile alilala kati yao. Mama Chaula alimwekea blanketi nzito upande wa dirisha, akajifunika yeye ile iliyotoboka. Alipoulizwa alisema hapendi blanketi za manyoya.

Jumamosi alfajiri Atuganile aliamka, akaenda jikoni kuchemsha chai ya wafiwa. Alimkuta Otilia ameshamtangulia.

Otilia alikuwa binti pekee wa marehemu, mwalimu wa shule Mbeya. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachochea jiko, pale pale karibu na sakafu ambapo baba yake alikutwa. Ukutani juu yake, Msalimu alikuwa amefunikwa na khanga. Alhamisi, maiti ikiwa bado haijatolewa, watu walipokigusa kisanduku kilisema, "Shikamoo mzee," na Mama Chaula akapiga yowe, akachomoa waya.

"Shikamoo shangazi," Otilia akasema.

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Tumeamka. Shangazi je? Habari za kazini?"

"Salama," Atuganile akajibu.

Neno lilitoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtu. Akachukua kikombe, akaanza kukifuta na upande wa kitenge, ingawa kilikuwa kikavu. Otilia hakurudi kwenye jiko lake. Alibaki amemtazama, kifuniko cha sufuria mkononi, bila haraka. Alilelewa na mtu wa kusubiri.

"Ila?" akauliza.

Ndipo Atuganile alipokaa chini. Alimweleza yote pale sakafuni, kwa maneno mepesi ili yasieleweke vinginevyo. Alimweleza Mpigahodi ni nini na Mjulia Hali ni nini. Alimweleza juu ya mitaa saba, na dakika nne, na dakika moja, na mstari wa tarehe kumi na nne Juni. Alisema, "Ni mimi niliyeuandika. Si mwingine." Kisha akatoa ile karatasi mkobani, akamkabidhi.

"Hii ni taarifa ya jiji. Wanasema kosa ni la kitumishi cha baba yako. Sitaitia sahihi. Nitaandika nyingine kwa jina langu. Nimetaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu."

Otilia aliisoma kwa mwanga wa jiko, polepole. Akaisoma tena. Chai ikafurika, ikazima upande mmoja wa moto, hakuna aliyeinuka.

"Kwa hiyo aliita," akasema.

"Aliita."

"Siku zote hizo mimi nilidhani hakuita. Nilisema, baba naye, kwa ubishi wake, hakutaka kusumbua watu. Nimemlaumu hadi kaburini. Alisemaje? Hasa, alisemaje?"

Atuganile alikuwa amesikiliza sauti yenyewe, kwa maana Msalimu huhifadhi. Aliyajua maneno kwa moyo, na angetoa chochote asiyajue.

"Jumatatu alisema, *Marahaba. Nimeamka salama, ila nimeanguka kidogo. Mwambie atakayekuja asikimbie, barabara ina utelezi.*"

Otilia aliweka kiganja mdomoni. Mabega yake yalitikisika, na kilio kilichotoka kilikuwa kimechanganyika na kicheko, kwa sababu huyo alikuwa baba yake mtupu, wala hapakuwa na namna ya kumfananisha na mwingine.

"Kidogo," akasema. "Nyonga imevunjika, anasema kidogo."

"Jumanne alisema, *Salama, ila kama kuna wa kuniletea maji nitashukuru.*"

"Na hiki kisanduku? Kilimwambia nini?"

"Kile kinachosema siku zote. *Nimesikia. Nitawaambia.*"

"Naye akangoja."

"Naye akangoja."

Nje jogoo wa jirani aliwika, na sebuleni mtu alikohoa usingizini. Otilia alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Aliinuka, akaivuta khanga ukutani, akautafuta waya nyuma ya kabati na kuuchomeka.

"Mwanangu, acha," Atuganile akasema.

"Hapana, shangazi. Nataka kusikia."

Kijitaa cha Msalimu kikawaka. Saa ya jikoni ilikuwa inakaribia kumi na mbili na nusu. Walisimama kama watu wanaomngoja mgeni, wala hakuna aliyemgusa mwenzake. Kisha sauti ikaja, ya upole, ile ambayo Lugano mwenyewe aliichagua kati ya sauti arobaini kwa sababu, alisema, haina haraka.

"Shikamoo mzee. Umeamkaje?"

Otilia alipiga magoti. Kisha akajilaza ubavu, shavu lake kwenye saruji, mahali alipolala baba yake. Kutoka pale chini akajibu kwa sauti iliyonyooka.

"Nimeamka salama, ila nimeanguka kidogo."

Msalimu alinyamaza kwanza, akingoja kama kuna neno jingine. Halikuwepo.

"Nimesikia," akasema. "Nitawaambia."

Otilia hakuinuka. Macho yake yalikuwa juu ya saa. Atuganile aliyafuata, naye akautazama mkono wa dakika. Kule ukumbini, alijua, Mjulia Hali amekwisha pokea, na Mpigahodi yuko njiani, anabisha mlango wa matangi ya maji, anabisha mlango wa taa za barabarani, anasikiliza kila mmoja mpaka nukta. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Mama Chaula alitokea mlangoni, akaona, akarudi nyuma bila kuuliza kitu, akawazuia wengine wasiingie.

Ya tatu.

Ya nne ilikuwa haijatimia simu ya nyumba ilipolia.

Atuganile aliishusha juu ya kabati, akampa Otilia akiwa bado amelala. Sauti ya muuguzi ilisikika jikoni nzima, sauti ya msichana mwenye pumzi juu. "Hodi nyumba 217! Tumeambiwa kuna aliyeanguka. Usijitikise, mpendwa, tunakuja sasa hivi. Unasikia? Tunakuja!"

"Nimesikia," Otilia akasema. "Asante sana, dada. Msije. Hakuna mtu tena."

Akaiweka simu sakafuni kando yake. Alikaa, akajipangusa vumbi la saruji shavuni, akamtazama Atuganile kwa mara ya kwanza tangu alipoisoma ile karatasi. Hapakuwa na hasira katika uso wake, wala msamaha. Palikuwa na mtu anayepiga hesabu rahisi, na jibu linakuja lile lile.

"Dakika nne, shangazi," akasema.

"Dakika nne, mwanangu."

Baada ya muda Otilia aliuchochea moto upya chini ya sufuria, akaongeza maji mahali pa yale yaliyofurika. Akatoa vikombe viwili kabatini. Akavitazama, akakirudisha kimoja. Kisha akasimama, mkono kwenye mlango wa kabati, akakitoa tena.